Wizi wa kalamu: Utafiti unaohesabiwa ng'ambo na usiofika Athi River

MATINGATINGA yalipoingia katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland huko Athi River, Kaunti ya Machakos, mnamo Oktoba 2023, familia nyingi zilisimama kando ya barabara zikitazama nyumba zao zikigeuzwa kifusi.

Wengi wa waathiriwa hawakuwa maskwota kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Walikuwa watu waliotoa pesa, wakapewa stakabadhi, wakachimba misingi na kujenga, wengine wakisimamisha nyumba za ghorofa. Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Machakos ilikuwa imeamua kwamba ardhi hiyo, ya zaidi ya ekari 4,000, ni mali ya kampuni ya saruji.

Miaka 12 kabla ya hapo, Novemba 2011, mambo yayo hayo yalijiri Syokimau, katika eneo lilo hilo la Mavoko. Nyumba zilibomolewa kwa hoja kwamba zilikuwa zimejengwa katika ardhi ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege.

Katika visa hivyo viwili hapana mnunuzi aliyetishwa kwa panga wala bunduki. Pesa zilimtoka kwa njia ya karatasi, mihuri na sahihi, mbele ya watu waliovaa vizuri na kuzungumza kwa upole.

Wizi wa namna hiyo una wataalamu wake. Kwa zaidi ya miaka 80 wasomi wameuchunguza, wakauandikia vitabu na kuufundisha vyuoni. Aidha, kuna wasomi wengine ambao kazi yao ni kuwahesabu wasomi hao: nani amenukuliwa mara ngapi, kitabu kipi kimerejelewa zaidi, na kwa hiyo nani ana ushawishi mkubwa kuliko mwenzake.

Swali ambalo mkazi wa Athi River ana haki ya kuliuliza ni je, ushawishi huo unaopimwa ni juu ya nani?

Tuanze na asili ya taaluma yenyewe. Mnamo Desemba 1939, mjini Philadelphia, Marekani, Profesa Edwin Sutherland aliwahutubia wanasosholojia wenzake akiwa rais wa chama chao. Aliwaambia kwamba wamekosea kuuchukulia uhalifu kuwa jambo la maskini. Akawaonyesha wahalifu wengine, watu wenye heshima na vyeo wanaovunja sheria katika shughuli zao za kazi. Aliwaita kwa jina la kola nyeupe ya shati la afisini, na Kiingereza kikaliweka jina hilo hadi leo.

Mwaka wa 1949 alitoa kitabu kuhusu kampuni 70 kubwa za Marekani, akiwa amekusanya maamuzi 980 yaliyotolewa dhidi yazo na mahakama pamoja na tume mbalimbali. Hata hivyo, kitabu kilichapishwa bila majina ya kampuni hizo, kwani mchapishaji alihofia kushtakiwa. Toleo lenye majina lilitoka mwaka wa 1983, Sutherland akiwa amefariki tangu 1950.

Msomaji wa Kenya hatashangazwa na hilo. Kitabu cha mwanahabari Michela Wrong kuhusu John Githongo na kashfa ya Anglo Leasing kilipotoka mwaka wa 2009, maduka mengi ya vitabu jijini Nairobi yalikataa kukiweka rafuni kwa hofu ya kesi za kuharibiana jina. Watu walikipata kwa njia za pembeni.

Hapa pana tofauti kubwa kati ya uhalifu huu na ule wa mitaani. Mwizi wa kuku hana wakili wa kumshtaki mtafiti. Mwenye kampuni anaye, tena zaidi ya mmoja. Kwa hiyo mtafiti anayechunguza wizi wa kalamu hufuta majina, hupunguza makali, au huiacha kazi yake droweni. Kilichobaki droweni hakiwezi kunukuliwa na yeyote, na mashine ya kuhesabu haina njia ya kujua kwamba kipo.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyeanzisha, mwaka wa 1964, faharasa kubwa ya kuonyesha makala gani ya sayansi yamerejelewa na makala gani mengine. Nia yake ilikuwa kumsaidia mtafiti kufuata nyayo za wazo kutoka andiko moja hadi jingine. Baadaye takwimu hizo zilianza kutumiwa kuwapanga watu na majarida kwa daraja.

Mwaka wa 2004 zikaja hazina mbili zaidi za kuhesabia marejeleo, Scopus na Google Scholar. Mwaka uliofuata mwanafizikia Jorge Hirsch akabuni kipimo kinachoitwa kwa herufi h. Msomi mwenye h ya 10 ni yule mwenye maandiko 10 ambayo kila moja limerejelewa angalau mara 10. Ni hesabu nyepesi ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya, na pengine wepesi huo ndio uliowavutia wakuu wa vyuo.

Katika taaluma ya uhalifu, wahesabuji mashuhuri ni Ellen Cohn wa Marekani na marehemu David Farrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mnamo 1994 walichapisha utafiti uliouliza ni akina nani walio na ushawishi mkubwa kuliko wote katika taaluma hiyo, katika ulimwengu unaozungumza Kiingereza.

Walichukua majarida manne. Moja la Marekani, moja la Uingereza, moja la Kanada, na moja la Australia na New Zealand. Wakahesabu.

Hakuna kosa katika hesabu yao. Ilifanywa kwa makini sana, na wenyewe walieleza wazi walichokihesabu. Lakini Kenya nayo huzungumza Kiingereza mahakamani, bungeni na vyuoni. Vivyo hivyo Nigeria, Ghana, Uganda na India. Kapu la majarida manne halikuwa na nafasi ya jarida hata moja la Afrika, na ambacho hakikutiwa kapuni hakingeweza kutoka humo.

Tatizo la kapu ni dogo likilinganishwa na tatizo la jina. Nani nchini Kenya husema "uhalifu wa kola nyeupe"? Sheria yetu ya 2003 huuita uhalifu wa kiuchumi. Magazeti huuita ufisadi. Mwananchi wa Mavoko husema ameuziwa hewa, au ardhi yake imenyakuliwa. Wasomi wetu nao wameandika kwa majina hayo, tena katika idara za sheria, siasa, historia na uhasibu, mbali na idara za taaluma ya uhalifu.

Chukua mfano wa Jacqueline Klopp, aliyeandika kuhusu unyakuzi wa ardhi ya umma nchini Kenya katika jarida la masomo ya Afrika mnamo 2000. Au Ambreena Manji, ambaye mwaka wa 2012 aliandika kuhusu nafasi ya mawakili katika unyakuzi huo, na 2020 akatoa kitabu kizima kuhusu ardhi na haki nchini. Kazi yake ya kuwamulika mawakili ni uchunguzi wa uhalifu wa wenye tai kwa maana kamili ya Sutherland, kwani mtaalamu aliyeaminiwa ndiye anayefungua mlango. Lakini anayetafuta kwa jina la kola nyeupe, katika majarida ya taaluma ya uhalifu, ana nafasi ndogo mno ya kukutana naye.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Ripoti ya Ndung'u.

Juni 2003 Rais Mwai Kibaki aliteua tume chini ya wakili Paul Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Ripoti ilikabidhiwa Juni 2004 na kutolewa kwa umma Desemba mwaka huo. Tume ilikadiria kwamba hatimiliki haramu zipatazo 200,000 zilitolewa kati ya 1962 na 2002, karibu zote baada ya 1986. Ilieleza jinsi mchezo ulivyochezwa, kuanzia barua za ugawaji zilizouzwa kama hatimiliki, mashirika ya umma yaliyolazimishwa kununua ardhi iliyokuwa tayari ya umma, hadi wataalamu walioyafunika hayo yote kwa sahihi zao.

Sidhani kuna andiko jingine kuhusu wizi wa kalamu nchini lililo na uzito kama huo. Limetajwa mahakamani, bungeni, katika mijadala ya sera ya ardhi na katika vitabu vingi. Pamoja na hayo, katika hesabu za wasomi ripoti hiyo haina mwenyewe. Haikuchapishwa na jarida na haina mwandishi mmoja. Mtafiti mmoja huirejelea kwa jina la Jamhuri ya Kenya, mwingine kwa jina la Serikali, wa tatu kwa jina la Tume, wa nne kwa jina la Ndung'u. Hata jina hilo lenyewe huandikwa na wengine bila kibainishi baada ya herufi g, na kompyuta hudhani ni watu wawili.

Mwaka wa 2005 Profesa Roger Southall alichapisha muhtasari na uchambuzi wa ripoti hiyo katika jarida la siasa ya uchumi wa Afrika linalotolewa Uingereza. Ilikuwa kazi nzuri, na iliwasaidia wengi ambao hawangeipata ripoti yenyewe. Kwa kuwa makala hayo yana mwandishi, jarida na nambari za kurasa, huhesabika kwa urahisi. Kwa hiyo ugunduzi uliofanywa Nairobi na tume iliyoteuliwa na serikali ya Kenya, kwa pesa za mlipa ushuru wa Kenya, huingia katika daftari la dunia kupitia mlango wa jarida la ng'ambo. Southall hana lawama hapo, kwani daftari ndilo lilivyotengenezwa.

Kuna kasoro nyingine mbili za hesabu hizi zinazofaa kutajwa. Ya kwanza ni kwamba kunukuu si kukubali. Mnamo 1947 mwanasheria na mwanasosholojia Paul Tappan alimkosoa Sutherland vikali, akisema mhalifu ni yule tu aliyehukumiwa na mahakama. Wakenya wanaifahamu hoja hiyo, maana kila mwanasiasa anayetajwa katika kashfa huirudia bila kujua ilikotoka. Katika mashine ya kuhesabu, ukosoaji wa Tappan na sifa za mwanafunzi wa Sutherland vina uzito mmoja.

Ya pili ni kinyume cha hiyo. Andiko linaweza kuwa na ushawishi mkubwa kiasi kwamba hakuna tena anayekumbuka kulitaja. Donald Cressey, mwanafunzi wa Sutherland, aliwahoji wafungwa waliokuwa wamekula pesa walizoaminiwa, na mwaka wa 1953 akatoa kitabu. Alionyesha kwamba mtu kama huyo huwa na shida asiyoweza kumwambia mtu, huona nafasi ya kuitatua kwa siri, kisha hujitungia maneno ya kujihalalishia: nakopa tu, nitarudisha.

Wakaguzi wa hesabu waliyageuza mambo hayo matatu kuwa pembetatu. Leo yamo katika viwango vya kimataifa vya ukaguzi, na mhasibu wa kiwanda chochote katika eneo la viwanda la Athi River aliyefaulu mitihani yake huyajua kwa moyo. Huyatumia anapokagua ghala na vitabu vya malipo. Hamtaji Cressey, wala hakuna jarida linalomhesabia Cressey kazi hiyo. Mwanasosholojia Robert Merton aliwahi kueleza jambo hili, kwamba wazo likishakuwa mali ya wote, jina la mwenye wazo hufutika.

Basi tuna andiko lenye nguvu lisilohesabika, yaani Ripoti ya Ndung'u, na jingine ambalo nguvu yake imepita hesabu, yaani la Cressey. Kinachopimwa vyema kinabaki katikati, nacho ni mazungumzo ya maprofesa na maprofesa wenzao.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanamhusu nini mtu aliyebomolewa nyumba. Yanamhusu kwa sababu hesabu hizo huamua nani apandishwe cheo, na kwa hiyo huamua ni nini kitakachochunguzwa.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mnamo 2014 mwongozo wa pamoja wa kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri nchini. Mwongozo huo uliweka uzito mkubwa kwenye makala yaliyochapishwa katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Nia ilikuwa njema. Ulikuwepo wakati ambapo vyeo vilitolewa kwa kujuana, na kigezo chochote kinachoonekana ni afadhali kuliko simu ya usiku kutoka kwa mkubwa.

Ila tazama linalofuata. Athi River kwenyewe kuna wasomi, kwani kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Daystar iko huko, na Nairobi pamoja na vyuo vyake si mbali. Tuseme mhadhiri mmoja anataka kufuatilia jinsi ploti za Mavoko zilivyouzwa, nani alichora ramani, nani alipiga muhuri, nani alipokea pesa. Kazi hiyo itamchukua miaka. Atahitaji kukaa katika sajili ya ardhi, kusoma faili za mahakama ya Machakos, na kuwahoji watu ambao wengine hawatataka kuonekana naye. Akimaliza, jarida la ng'ambo linaweza kumwambia kwamba mada yake ni ya mahali padogo mno. Jarida la nyumbani litampokea, lakini huenda halimo katika faharasa zinazohesabiwa. Na akiandika matokeo yake kwa Kiswahili ili mnunuzi wa ploti ayasome, atakuwa ametoa sadaka.

Mwenzake atakayeandika kuhusu nadharia ya Sutherland akiwa ameketi afisini atachapishwa upesi zaidi. Sisemi nadharia haina maana. Nasema mizani imeelekezwa upande mmoja.

Malalamiko haya hayakuanzia Afrika. Wanasayansi waliokutana San Francisco mwishoni mwa 2012 walitoa azimio la kupinga kumpima mtafiti kwa sifa ya jarida alilochapisha. Mnamo 2015 kundi jingine likatoa tamko linalojulikana kwa jina la mji wa Leiden, Uholanzi. Mojawapo ya kanuni zake 10 hutaka utafiti bora unaohusu mahali fulani ulindwe, kwa kuwa vipimo vya kimataifa hupendelea mada za Marekani na lugha ya Kiingereza. Kanuni hiyo ingeweza kuandikwa Machakos.

Wanaotetea hesabu za marejeleo wana hoja moja nzito ambayo sharti ijibiwe. Wanasema, kama hatutahesabu, tutapimaje? Kila mtafiti atadai kwamba kazi yake imewafaa wananchi, na hakuna wa kumpinga.

Jibu ni kwamba kuna vitu vingine vinavyohesabika. Hukumu za mahakama zetu huwekwa bure katika mtandao wa Kenya Law. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge zipo. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili anaweza, kwa mwaka mmoja, kupitia hukumu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi na kuandika ni mara ngapi Ripoti ya Ndung'u imetajwa, na majaji wameipa uzito gani. Vivyo hivyo kwa Manji, Klopp na wengine. Orodha hiyo ingetuonyesha ushawishi ulikofika na ulikokwama, jambo ambalo kipimo cha h hakitawahi kutuambia.

Na kwa hakika sheria haijakaa pale pale. Katiba ya 2010, Kifungu cha 40, husema ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Aprili 2023, katika kesi ya ardhi ya ufukweni Mombasa kati ya kampuni ya Dina Management na serikali ya kaunti hiyo, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hatimiliki peke yake haimkingi mwenyewe ikiwa chimbuko lake lina kasoro. Mnunuzi hana budi kuchunguza ardhi ilitoka wapi tangu mwanzo. Ndivyo ripoti ya 2004 ilivyokuwa imesema, kwamba cheti kilichotolewa kinyume cha sheria kisihesabiwe kuwa mali.

Kutoka Desemba 2004 hadi Aprili 2023 ni zaidi ya miaka 18. Katika muda huo wasomi walinukuu, wakanukuliwa, wakapanda vyeo. Na katika muda huo huo ploti za Mavoko ziliendelea kuuzwa, nguzo za mawe zikasimikwa, maji na stima vikaombwa. Oktoba 2023, miezi sita baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu, matingatinga yakafika.

Wakili niliyezungumza naye kuhusu suala hili, ambaye amewahudumia wanunuzi wengi wa ardhi katika barabara ya Mombasa, alinijibu kwa swali. Alitaka kujua kama kuna karatasi moja, kurasa mbili au tatu za Kiswahili, inayomweleza mteja namna ya kufuatilia hatimiliki kuanzia mgao wa kwanza wa ardhi hadi kwa muuzaji. Alisema huwa anaeleza kwa mdomo, kila mara upya, na mara nyingi mteja huwa ameshalipa.